Kirikuu iko gereji na mafriji ya watu yananisubiri, mnafanyaje mkikwama hivi?

kipozeo_TA

Wakuu salama? Mimi ni fundi friji na AC hapa Tanga mjini, kijiwe changu kipo Ngamiani barabara ya 12. Kirikuu yangu, hizi Suzuki Carry ndogo za mizigo, ilichemsha njia ya Muheza ikazima pale pale, nikavutwa kwa kamba mpaka gereji, fundi kafungua anasema gasketi ya hedi imeungua, maji yameingia kwenye oili na oili yenyewe imekuwa kama chai ya maziwa. Hedi inatakiwa ipelekwe kwa wenye mashine ikasawazishwe, alafu kuna vifaa vinasubiriwa kutoka Dar. Kila nikipiga simu naambiwa kesho jioni. Hiyo kesho jioni ya gereji mnaijua wenyewe.

Sasa shida ni kwamba ile gari ndio stoo yangu, ndio ofisi, ndio kila kitu. Mitungi ya gesi humo, ngazi humo, pampu ya vakyumu, drili, spea zote. Wateja nao wametawanyika, nina wa Sahare, wa Raskazone, mmoja Pongwe, na kuna mama anauza samaki pale Deep Sea friza yake haigandishi. Nikikodi kirikuu ya mtu kwa kila safari hela yote ya ufundi inaishia kwa dereva, na bodaboda sioni napandaje na mtungi mgongoni. Nimeanza kuwaza nikope nichukue guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, niachane na stresi za gari. Hivi nyie wenzangu mkikwama hivi mnatokaje?

mzee_wa_fursa

Pole mkuu. Chukua guta, mafuta kidogo, spea bei rahisi, linaingia vichochoro vyote vya Makorora na Mabawa ambako kirikuu inakwama. Na siku huna kazi unabebea watu saruji, hela inaingia. Mimi ningekuwa wewe hata hiyo kirikuu naiuza ikiwa hapo hapo juu ya mawe.

dada_wa_mitungi

@mzee_wa_fursa guta kwa saruji na ndoo za maji sawa, ila kwa friji mnamdanganya mwenzenu. Friji inatakiwa isafiri imesimama, na ile ya milango miwili ikisimama nyuma ya guta uzito wote unakuwa juu, kona moja mbaya na shimo moja mnaenda nayo chini mteja anaangalia. Mkiilaza oili ya kompresa inahamia kwenye paipu, mkifika mkaichomeka fasta fasta kompresa inakufa na hapo mteja hataki kusikia habari za guta, anataka friji yake. Mimi ikitokea nimelazimika kuilaza naisimamisha naiacha mpaka kesho yake ndio nawasha, lakini ni wateja wangapi watakubali usubiri hivyo? Alafu kukopa hela ya chombo kingine wakati cha kwanza kiko gereji kinadai, hapana kaka.

fundi_wa_zamani_Chuda

Dogo pole sana. Mimi kazi hii nimeifanya kabla sijamiliki hata tairi la akiba na tulikuwa tunakula vizuri tu. Gari limekuzoesha vibaya, limekuzoesha kubeba duka zima kwenda kuangalia thamostati.

Safari zako ni za aina mbili na umezichanganya. Kuna ya kwenda kujua ugonjwa na kuna ya kwenda kubeba au kujaza gesi. Hiyo ya kwanza inataka begi moja tu, multimita, bisibisi, spana, tepu, rilei na ovalodi (za kuwasha na kulinda kompresa) za zile saizi zinazojirudia, kapasita mbili tatu, thamostati. Funga begi kwenye keria ya baiskeli uondoke, Tanga hii tambarare, tangu lini mtu wa Tanga akashindwa kazi kisa hana gari? Na nakuapia kazi nyingi utazimalizia hapo hapo kwa hilo begi, nyingine hata siyo umeme ni raba ya mlango imechoka, baridi inatoka yote.

Alafu kabla hujapanda hiyo baiskeli itumie simu. Muulize mteja taa ya ndani inawaka? Kompresa inaunguruma muda wote au inapiga tik inanyamaza, baadae tena tik inanyamaza? Ikiwa ni hiyo ya tik nenda na rilei na kapasita kwanza. Ikiwa inaunguruma mfululizo na haigandishi mwambie aangalie feni na barafu iliyoganda nyuma, kama hamna kitu hapo ndio uandae mzigo wa gesi. Na akupigie picha ile stika iliyobandikwa kwenye kompresa, kule nyuma chini, akutumie WhatsApp. Pale pameandikwa aina ya gesi, R134a au R600a, usije ukafika mpaka Pongwe na mtungi siyo wenyewe. R600a nadhani unaijua inashika moto, usichomelee kopa jikoni kwa watu madirisha yamefungwa eti una haraka ya kurudisha bajaji.

Kazi za mzigo zirundike siku moja. Tafuta kirikuu moja, elewana na dereva kwa nusu siku, usikubali ya kwa safari kwa safari maana hapo ndio wanakumaliza. Sahare na Raskazone ni upande mmoja zipige pamoja, Pongwe iache siku nyingine mpaka upate mzigo mwingine wa njia ile, hata huyo wa Pongwe mwambie ukweli kwamba akisubiri, gharama ya usafiri atagawana na mtu wa Kange au wa huko huko Pongwe.

Mitungi kwenye bodaboda usithubutu, na kwenye bajaji pia siyo ya kujipakilia tu. Mtungi usimame, ufungwe usigongane, valvu iwe na kofia yake, oksijeni na gesi ya kuchomelea usizifungie pamoja kwenye kibajaji chenye maturubai pande zote, na oksijeni isishikwe na mikono ya grisi hata kidogo.

Bi_Ukwaju

Mwanangu mimi si fundi mimi ni mteja na nauza samaki, ngoja nikwambie ya upande wetu. Gari kuharibika hakuna anayekulaumu, linaweza kumtokea yeyote. Kinachotuudhi ni "niko njiani mama" kumbe mtu kakaa gereji anakunywa kahawa na kashata. Ukiniambia alfajiri kwamba leo huji ntanunua barafu mapema nipange samaki wangu, au nimpelekee jirani mwenye friza nimlipe chochote. Ukiniambia saa kumi jioni samaki washaanza kulegea, hapo mimi na wewe hatuelewani tena. Huyo mama wa Deep Sea muweke wa kwanza kwenye foleni yako, mwenye AC ya sebuleni atafungua dirisha apate upepo wa bahari bure.

spana_ya_13

Mimi nagusia hiyo gari. Gasketi haiungui hivi hivi, kuna kitu kimechemsha injini. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako rejeta, pampu ya maji, thamostati na feni kabla hajafunga, maana wakibadilisha gasketi tu sababu wakaiacha humo ndani utarudi hapo hapo na bili nyingine. Kusawazisha hedi asikwepe, na huko huko kwenye mashine waipime kama haina ufa.

Hivyo vifaa vya Dar usikae unasubiri mtu wa gereji, wengine wanasubiri hela yako ndio waagize. Angalia injini yako ni F6A au K6A, F6A inatumia mkanda wa taimingi na K6A ni cheni, gasketi zake haziingiliani. Piga picha namba za injini na za chasi, kama una ndugu Dar aende Gerezani kwenye maduka ya spea akanunue apakie kwenye basi, unaipokea stendi ya Kange mwenyewe mkononi. Na yule atakayekuja kusema ulizia bima, hata bima kubwa ni ya mambo ya ajali, moto na wizi, injini ikichemka ni mfuko wako.

kipozeo_TA

Dah nashukuru sana wakuu, na wewe Bi Ukwaju shikamoo, nimeshampigia yule mama nimemwambia ukweli, kanijibu vizuri tu kuliko nilivyotegemea. Guta nimeliweka pembeni kwanza. Mtu wa Dar nimempata, picha za namba nimemtumia. Swali moja limebaki, huyo wa Raskazone anataka kufungiwa AC mbili mpya na ndio kazi yenye hela kuliko zote, ile ya nje nzito na ngazi yangu haikunjiki, hiyo naifanyaje bila gari?

fundi_wa_zamani_Chuda

Hiyo ndio rahisi kuliko zote dogo. AC mpya mwambie mteja aelewane na duka wampelekee mpaka mlangoni, hiyo ni kazi ya muuzaji siyo yako. Ile ya nje inatoka kiwandani na gesi yake ndani, kama paipu ni fupi za kawaida mtungi hauhitaji kabisa, unataka pampu ya vakyumu, geji, drili na vifaa vya kupanua kopa, vyote vinaingia bajaji moja na wewe na kijana wako. Vuta vakyumu vizuri, yaani hewa na unyevu vitoke kwenye paipu, usije ukaruka hiyo kisa bajaji inasubiri nje. Ngazi muulize mlinzi wa hapo, nyumba za Raskazone hazikosi ngazi, na kama hamna kuna vijana wa kupaka rangi wapo Chumbageni wanaazimisha kwa elfu mbili tatu.