Tupeane uzoefu: detekta gani na koili gani kwa dhahabu, pete na mali za kale?

Mkazi wa Tudor (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi. Haipiti wiki mtu hajanitumia picha ya detekta, yaani mashine ya kutafutia metali, na swali lilelile: "Hii inaenda chini futi ngapi?" Wauzaji wanalipenda sana swali hilo, maana ukishatajiwa futi kumi pesa inakutoka bila kuuliza la pili. Naomba hapa tuanzie kwingine. Unatafuta nini, na ardhi utakayoikanyaga ikoje? Ukishayajibu hayo mawili, mashine zinazokufaa hazibaki nyingi, na koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, zinabaki mbili tatu.

Kwa wageni niweke msingi. Ziko mashine za VLF, zinazotuma mawimbi mfululizo na kuweza kubagua chuma na metali nyingine. Ziko za PI, zinazopiga mapigo mafupi ya umeme, zikanyamaza, zikasikiliza kinachorudi. Za PI hazisumbuliwi sana na chumvi wala udongo wenye chuma, ila msumari na pete kwake vinalia karibu sawa. Ndani ya VLF nako kuna masafa, yaani mawimbi yanarudia mara ngapi kwa sekunde. Yakiwa juu, mashine inaona punje ndogo. Yakiwa chini, inapenda vitu vikubwa vya fedha na shaba vilivyozama zaidi. Gold Bug 2 ya Fisher ni kHz 71 (mara elfu 71 kwa sekunde), Gold Monster 1000 ya Minelab ni 45, AT Pro ya Garrett ni 15. Hizo ni mashine tatu za kazi tatu.

Mimi natembea fukwe, Nyali hadi Shanzu. Mchanga wetu mweupe una matumbawe mengi yaliyosagika, hauna chuma kingi, kwa hiyo ukiwa mkavu karibu mashine yoyote inatulia. Shida inaanza hatua chache tu chini, pale mchanga ulipolowa maji ya bahari. Chumvi inapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja inaanza kulia bila mpango: ukiinua koili inalia, ukiishusha inalia, ukipunguza nguvu hadi inyamaze basi na pete nayo imenyamaza. Kwa sisi wa pwani, masafa mengi kwa pamoja au PI ndiyo njia. Mimi natumia Equinox 800, ya masafa mengi, na koili yake ya inchi 11, na sioni haja ya kubwa zaidi kwa pete.

Karibuni. Semeni mlichotumia, wapi, na kilitoa nini.

Bi wa Likoni

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mimi nitasema la sauti, kwa sababu watu wananunua mashine ghali wakaangalia namba kwenye kioo tu.

Pete ya dhahabu, hasa ya kike iliyo nyembamba, inasoma namba zilezile za karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na vifungio vya makopo ya soda. Ukiiambia mashine iziruke takataka za aluminiamu, umeiambia iziruke pete. Hilo ni umbile la metali yenyewe, hakuna mashine inayolikwepa, iwe ya bei gani. Kwa hiyo ninachimba kila kinacholia vizuri kutoka pande mbili. Napitisha koili kushoto kulia, kisha najigeuza robo mzunguko napitisha tena. Pete inalia mviringo, sauti moja iliyoshikana, popote nilipo. Msumari mrefu unakatika: upande mmoja unalia mara mbili, upande mwingine haupo.

Kingine tunachokipata sana ni chubwi za wavuvi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mishipi. Zinalia kama dhahabu kabisa. Wengine zinawachosha, mimi zinanionyesha pa kukaa: pale zinapokusanyika chubwi ndipo maji yanapokusanya vitu vizito, na pete nayo ni kitu kizito. Nikikuta tatu karibu karibu siondoki, napunguza mwendo na kupitisha koili kwa kupishana nusu.

Halafu angalieni bahari. Bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali na unafika mahali ambapo maji mafu hayakufikishi. Na wakati wa kusi mchanga unahama, vitu vilivyokuwa kina cha mkono vinapanda juu. Kaskazi ikiingia mchanga unarudi na kuvifunika tena.

Fundi wa Changamwe

Naongezea kwa Bi hapo juu: koili karibu zote zinaingia majini, lakini kisanduku cha juu, chenye kioo, si lazima kivumilie maji. AT Pro na Equinox 800 zinavumilia hadi mita 3. Gold Bug Pro koili inazama, kisanduku hapana, wimbi moja tu umekwisha. Someni kabla ya kushuka majini. Na mkirudi nyumbani osheni kila kitu kwa maji ya bomba, vueni na kifuniko cha koili. Mchanga mweusi ukijaa kati ya kifuniko na koili, mashine inalia peke yake na mwenye nayo anadhani imeharibika.

Msafiri wa Chunya

Wanajamvi, mimi ni mtu wa Mombasa, Kisauni, lakini kazi yangu ya dhahabu imekuwa Tanzania, Chunya, kwa shemeji yangu. Ndiyo maana nasema kwa wanaotaka kutoka hapa kwenda kutafuta dhahabu ya ardhini: habari ya pete za pwani isahauni kabisa.

Udongo wa kule ni mwekundu, una chuma kingi, na ndani yake kuna mawe meusi yanayolia kama dhahabu. VLF ukiiweka pale utaisawazisha na ardhi ili iupuuze udongo, ukipiga hatua chache imeshapotea, uisawazishe tena. Kwa sababu hiyo wengi wanatumia PI, na GPX 5000 ya Minelab ndiyo iliyoenea. Inakuja na koili mbili za inchi 11, moja ya mono na moja ya DD. Mono inatumia waya uleule kutuma na kupokea, inashuka zaidi, na ukingo wake unasikia sana. DD ina nyaya mbili zilizopishana. Mawimbi yake yanashuka kwa ukanda mwembamba kutoka mbele hadi nyuma, na inatulia zaidi pale ardhi inapokuwa mbaya. Sisi tulianza na mono kila mahali. Tukifika kwenye mkondo wenye mawe mengi yanayolia, tunafunga DD, tunapoteza kina kidogo, tunapata utulivu. Utulivu una thamani. Mtu anayesikia kelele mchana kutwa, alasiri hasikii tena ile sauti nyembamba ya punje iliyo chini.

Sasa la koili kubwa. Kuna watu wananunua ya inchi 18 wakidhani wamejiongezea dhahabu. Koili kubwa inashuka zaidi kwa kitu kikubwa. Punje ndogo sana inaweza kuikosa hata ikiwa karibu, na ardhi yote inayoisoma inaiongezea kelele. Shemeji alikuwa na kijana na Gold Monster, ile inayokuja na koili ya inchi 10 kwa 6 na nyingine ndogo ya inchi 5. Kijana akawa anatufuata nyuma na ile ya inchi 5, anaipitisha kwenye nyufa za mwamba na kandokando ya mizizi, pale koili yetu haiingii. Alikuwa anaokota punje ndogo mahali tulipokwisha kupita. Tukaona tufanye hivyo kwa makusudi: kubwa mbele kwa vilivyozama, ndogo nyuma kwa vilivyo juu.

Na hili naliomba sana mlielewe kabla ya kuuza shamba: detekta inaona kipande, haioni vumbi. Sehemu nyingi za Migori na Kakamega dhahabu imo ndani ya mwamba, imetawanyika kwa chembe ambazo hazionekani kwa jicho. Hapo mashine ya laki kadhaa itanyamaza juu ya mwamba wenye dhahabu kweli. Hapo kazi ni kusaga na kuosha kwa karai. Kabla ya kubeba detekta, uliza wenyeji: hapa watu wameshaokota punje kwa mkono? Kama jibu ni hapana, bakini na karai.

Kijana wa Mtwapa

Shukran ami kwa maelezo. Mimi nataka kuuliza ya mali za kale. Huku kwetu magofu ya Jumba la Mtwana yako karibu, na wazee wanasema kuna mali za Mreno zilizozikwa. Nikichukua mashine yenye koili kubwa, ninaweza kupata?

Mkazi wa Tudor

Kijana wangu, hapo usiende na mashine. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ni jambo ninalolijali.

Jumba la Mtwana, Gede, Mnarani, Fort Jesus, hayo yote yanalindwa. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895, kuwa cha kale. Ukikikuta hata kwa bahati, unatakiwa utoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7, ueleze mahali hasa ulipokikuta, na ukikabidhi. Kwa hiyo hata ile pesa ya shaba ya kampuni ya Waingereza yenye mizani na jina la Mombasa, ya 1888, imo humo.

Na sababu si ukali wa serikali. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Ilipochimbwa miaka ya 1970, kilichowapa watu habari ni jinsi vitu vilivyolala: nini kiko juu ya nini, nini kiko kando ya nini. Sarafu ya Mambrui iliyopatikana 2010, ya Kichina, ya zama za Yongle, mfalme wa mwanzo wa karne ya 15, ina uzito kwa historia yetu kwa sababu waliochimba wanajua ilitoka tabaka gani. Angeitoa mtu usiku kwa sururu, ingekuwa kipande cha shaba chenye tundu katikati.

Ukipenda sarafu, tafuta zilizo upande huu wa mwaka 1895: senti za tundu za Afrika Mashariki za karne ya 20, kwenye shamba la familia yenu, kwa ruhusa ya wenye shamba. Huko koili kubwa haina kazi. Mashamba ya zamani yamejaa misumari na vipande vya mabati, na koili kubwa inasoma vitu vitatu kwa pamoja na kukupa sauti ya chuma. Koili ya inchi 5 au 6 inapenya kati ya misumari miwili na kuiona senti iliyo katikati.

Na kwa dhahabu ya ardhini sheria ni nyingine, ile ya Madini ya 2016. Utahitaji kibali, na ukubaliane na mwenye ardhi.

Mama wa Bamburi

Mimi naleta onyo. Jamaa yangu aliletewa mashine ya fito mbili za kushika mkononi, akaambiwa inaonyesha dhahabu na almasi kutoka mbali sana, unaichagulia tu metali unayotaka. Muuzaji alizunguka nayo uani, fito zikageuka zenyewe kuelekea chini ya mwembe. Wakachimba mpaka mizizi ikakatwa. Pesa yote ilikuwa mkopo wa chama, na mpaka leo wake zake wanailipa.

Fito zile zinageuzwa na mkono wa anayezishika. Uingereza mtu mmoja, James McCormick, alifungwa miaka 10 mnamo 2013 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo kama vya kutafutia mabomu. Tafadhali mwambieni kila mtu: hakuna detekta inayotambua almasi wala tsavorite ya Taita. Detekta inatambua kinachopitisha umeme. Kito ni jiwe.

Fundi wa Changamwe

Ahsante mama, hilo lirudiwe kila mahali. Na kuna bandia za upande wa pili pia: mashine zinazofanana kabisa na GPX, rangi ileile, maandishi yaleyale, ndani vitu vingine. Nimezifungua. Soko la mitumba lina nyingi, na bei yake nafuu ndiyo inayomvuta mtu. Hakikisheni namba ya mashine kwa kampuni yenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Halafu ijaribu ardhini, usikubali kujaribiwa hewani juu ya meza. Chukua chubwi ndogo kabisa, kwa sababu risasi inalia karibu sawa na dhahabu, izike kina cha kidole, pitisha koili. Ongeza kina kidogo kidogo. Fanya hivyo mbali na nyaya za stima na simu ikiwa imezimwa, kwa kuwa zote mbili zinaitia mashine kelele. Koili nayo ichunguzwe: ushike waya karibu na koili uutikise polepole. Ikilia, huenda waya umekatika ndani. Na msinunue koili ya mashine nyingine mkidhani plagi ikiingia basi inafanya kazi. Koili inatengenezwa kwa masafa ya mashine yake.

Kijana wa Mtwapa

Nimeelewa, ami, na magofu nimeyaacha. Kwa mwenye pesa ya mashine moja tu, na yuko pwani, aanze na nini?

Bi wa Likoni

Mwanangu, masafa mengi kwa pamoja, isiyoogopa maji, na koili yake ya kawaida ya inchi 10 au 11. Pesa ikibaki nunua kitafutio kidogo cha mkononi cha kuingiza shimoni, kitakuokolea muda kuliko koili ya pili. Koili ndogo ije baadaye ukianza mashamba. Kubwa usiinunue mpaka mkono wako uzoee. Ile ya inchi 15 ukiibeba kwenye mchanga laini toka asubuhi, mpaka adhuhuri bega limekufa na koili inapanda juu, kumbe inatakiwa ilale sambamba na ardhi karibu kuigusa.

Hedifoni usiziache. Upepo wa pwani unameza sauti ndogo zote.

Msafiri wa Chunya

Nakubaliana na Bi. Na mtu asiende Kwale na matarajio ya kutulia kama Nyali. Mchanga mwekundu wa kule una ilmenaiti, ndiyo madini ya titani yaliyokuwa yakichimbwa, na mashine inaisikia. Mambrui hali ni hiyohiyo. Ule mng'ao wa ufukweni si dhahabu, msipoteze siku hapo.

Aliyewahi kuitumia GPX 6000 na DD yake ya inchi 14 kwenye mchanga uliolowa chumvi, aje atueleze ilitulia kiasi gani.