Mke wangu ana kovu la upasuaji, hospitali iko ng'ambo ya mto. Tuondoke lini?

MtuWaKichuguuni

Wakuu, habari za humu. Naandika nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, ndipo mtandao unaposhika, kwa hiyo nikichelewa kujibu msinifikirie vibaya.

Mke wangu ana mimba ya wiki 31. Mtoto wa kwanza, miaka 3 iliyopita, alitolewa kwa upasuaji. Zahanati tunayo, nusu saa kwa miguu, na muuguzi wa pale ni mtu mwema kweli. Lakini hospitali yenye chumba cha upasuaji iko kilomita 46. Kiangazi ni saa moja na nusu kwa pikipiki. Mvua zikinyesha, mto unafunika daraja la magogo, na mnakaa ukingoni kusubiri maji yapungue.

Uzazi ule wa kwanza uchungu ulianza saa mbili usiku. Tukabishana mpaka saa kumi alfajiri kama ni uchungu wenyewe au la, mama yangu akisema tungoje kupambazuke. Tulipopiga simu, gari la wagonjwa lipo, mafuta hakuna. Tulifika saa tatu asubuhi. Mtoto alitoka hai ila hakulia papo hapo, na kile kimya bado ninacho masikioni.

Sasa muuguzi ameandika kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu: "Kovu. Ajifungulie hospitali." Mke wangu anasema safari hii yuko vizuri, mtoto ameshageuka kichwa chini, kwa nini asizalie hapa hapa? Nami sina cha kumjibu zaidi ya woga wangu.

MkungaMstaafu

Mwanangu, pole kwa usiku ule. Wino huo mwekundu msiufanyie mzaha. Mfuko wa uzazi uliowahi kupasuliwa unaweza kuachia pale kwenye kovu wakati wa uchungu. Si kwa wengi: kwa waliopasuliwa mara moja ni kama mmoja katika kila 200 wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Lakini ukiachia, damu humwagikia ndani ya tumbo, hamuioni, na mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache tu. Zahanati haina wa kupasua wala damu ya kumwongezea. Kuzaa kwa njia ya kawaida anaweza, wengi huzaa hivyo, ila chumba cha upasuaji kiwe jirani.

Halafu nikuambie jingine, usikasirike. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu aina 3 za kuchelewa: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hesabu usiku wako. Nyumbani mlikaa saa 8, njiani 5. Gari na mto si vya kulaumiwa peke yake.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike sasa, si siku ya uchungu. Kaulize kama hospitali ina nyumba ya kusubiria. Zimewekwa kwa ajili ya wanaotoka mbali kama nyinyi. Isipokuwepo, tafuteni ndugu wa karibu na hospitali. Wiki ya 36 awe amefika. Na nani ataamua wewe ukiwa shambani? Mtajeni leo. Akitokwa damu, chupa ikipasuka, kichwa kikimuuma sana na macho yakiona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, hakuna kikao. Ni safari.

DerevaWaVumbi

Kaka, mimi ni wa pikipiki, nimebeba wajawazito wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Usiwe na namba ya dereva mmoja. Uwe na wawili, na wa pili awe anaishi ng'ambo ya mto. Maji yakijaa, mnavuka kwa mtumbwi na mnakuta pikipiki inanguruma upande wa pili. Watu wengi huvuka vizuri halafu wanakwama pale, hawana wa kuwabeba.

MamaWaWatatu

Mimi nimewahi kukaa kwenye hizo nyumba za kusubiria, wiki 3 nzima. Zinachosha. Unaamka, unafua kanga yako moja, unahesabu mabati ya paa. Kilichokuwa kinanila moyo si uchungu, ni mtoto niliyemwacha nyumbani. Shemeji, umemuuliza mkeo huyo wa miaka 3 atabaki na nani? Mwanamke anaweza kusema "niko vizuri" akimaanisha "siwezi kumwacha".

MtuWaKichuguuni

Shikamoo mama mkunga. Saa 8 zile sikuwahi kuzihesabu, nilikuwa nimeshamalizia hasira zangu zote kwenye gari.

Shemeji, umepiga penyewe. Nimemuuliza jana usiku, akanyamaza, kisha akasema, "Hata ukinipeleka, nitarudi kumwona." Mama yangu alikuwa anasikia. Ndiye atakayebaki na mtoto, kajitolea mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Dereva wa ng'ambo nimempata pia. Kilichobaki ni mvua, maana huku zinaweza kutangulia wiki ya 36.

MkungaMstaafu

Marahaba. Basi msiangalie wiki, angalieni mto. Mawingu yakianza kukaa, ondokeni hata kama ni wiki ya 34. Na kadi asiisahau.