Bruschetta ya nyanya na bezili: mkate unalowa kila mara, nakosea wapi?

mamaTasha_Kiamunyi
Habari zenu wapishi. Jumamosi hii mamangu anafikisha miaka 60 na nimeamua nitamfanyia kakitu hapa kwangu Nakuru, watu kama 20 hivi, familia na wamama wa chama chake. Chakula cha kushiba kimeshapangwa, pilau na kuku. Shida yangu ni kale ka kuanzia, kale watu wanashika kwa mkono wakiwa bado wanasalimiana. Nataka kufanya bruschetta, ule mkate wa kuchoma unawekewa juu nyanya na bezili, yale majani ya kunukia. Nilikula kwa harusi ya rafiki yangu mwaka juzi na ladha yake haijawahi kunitoka.

Nimejaribu mara mbili na zote mbili zimenishinda. Nilichukua mkate wa supamaketi ule umeshakatwa, nikauchoma kwa pani ya chapati, nikakata nyanya na kitunguu nikatia mafuta na chumvi, nikapanga kwa sinia vizuri kabisa alafu nikafunika nikaenda kuoga. Kurudi nakuta mkate umelowa, ukiinua kipande kinapinda katikati nyanya zinateremka zote. Na bezili niliitoa kwa friji ikiwa nyeusi. Msichana wangu akaniuliza kama kachumbari imemwagikia mkate, na hio iliniuma ju nilikua nimejitahidi sana. Nimebakisha siku nne. Nisaidieni jameni.

jikoni_Kisumu
Pole sana dada. Hii kitu nimeifanya mara nyingi, nilikua jikoni kwa hoteli huku Kisumu miaka sita na ilikua inatoka kila Ijumaa jioni. Viungo vyako viko sawa, kilichokuangusha ni saa. Bruschetta haipangwi ikafunikwa ikangoja watu. Nyanya inakaa kwa bakuli lake, mkate unakaa kando, na vinakutana mgeni akiwa ameshaketi. Ukifunika sinia na mkate bado uko moto pia unaumaliza, ule mvuke unarudi chini kama maji.

Kuhusu mkate, ule wa kukatwa una sukari na mafuta ndani, unakua brauni haraka nje na ndani unabaki laini kama sponji, na sponji kazi yake si unajua. Tafuta ule mrefu wa Kifaransa wenye ganda gumu, hapo Nakuru beikari hazikosi. Ununue Ijumaa, mkate wa jana ni mzuri zaidi ju umeshakauka kidogo. Kata kwa mshazari, unene kama wa kidole gumba. Mmoja unaweza kukupa vipande 18 hadi 20, kwa hivyo watu 20 ukiwapa viwili viwili nunua mitatu, usinunue miwili ukatumainia itatosha.

Alafu washa jiko la makaa, nje, uweke waya juu. Hata jina lenyewe linatoka huko, watu wa Roma wana neno bruscare, maana yake kuchoma kwa makaa, na wanalitamka brusketa, hio ch ni k. Ngoja makaa yashike yawe na jivu jeupe juu, moshi uishe kabisa, ndio uweke mkate. Usiupake mafuta kwanza, yatadondokea makaa na moto uruke uunguze kingo. Dakika moja moja kila upande, simama hapo hapo, usishike simu.

Sasa hii ndio sehemu mimi napenda. Mkate ukitoka, chukua punje ya kitunguu saumu, ikate katikati, usugue juu ya mkate ukiwa bado unachoma vidole. Uso wa mkate umekua na makali kama greta, utaskia unakwaruza na utaona ile punje inapungua mkononi huku harufu inapanda. Mara mbili tatu tu basi, usisugue kama unaosha sufuria. Usikate saumu mbichi uchanganye na nyanya, mtu atabeba hio harufu hadi kesho yake kanisani.

Na nyanya lazima zichujwe. Kata mbili, toa mbegu, kata vipande vidogo kama punje za mahindi, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai kisijae kwa kilo, weka kwa chujio juu ya bakuli nusu saa. Chumvi inavuta maji, utashangaa kiasi kinachotoka. Haya maji ndio yalikua yanaingia kwa mkate wako. Kilo mbili zitakutosha na kubaki.

mkulima_Subukia
Mkuu wa Kisumu amesema vizuri, mimi niongeze upande wa nyanya ju ndio nalima. Dada, ukienda soko la Wakulima usichukue tu fungu la mbele. Uliza Rio Grande ama Cal J, ni zile ndefu kama yai, nyama nene na maji kidogo. Zile mviringo za aina ya Money Maker ni tamu kwa kachumbari lakini zina maji mengi, utachuja hadi uchoke.

Kitu kingine, nyanya nyingi sisi tunavuna zikianza tu kugeuka rangi ju zikiiva shambani hazifiki na lori. Kwa hivyo nunua Jumatano, zikae kwa meza mpaka Jumamosi, zisipangwe moja juu ya nyingine. Friji hapana. Baridi inaua harufu ya nyanya na haitarudi vizuri hata ukizitoa. Alafu zioshe kwa maji yanayotiririka ukizisugua kwa mkono, ule unga mweupe unaonaga ni dawa ya kunyunyiza, na hii ni kitu inaliwa mbichi.

Khayanga_Shinyalu
Naomba niseme kuhusu bezili kabla mtu arudie kosa langu. Huku Kakamega kandokando ya msitu tuna mmea mmoja wa dawa, unalimwa sana, mafuta yake ndio yanatengeneza ile dawa ya kupaka kifua ukiwa na homa, Naturub. Ni ndugu ya bezili kweli kweli, zote ni ukoo wa Ocimum. Mwaka jana ndugu zangu walikuja kutoka Nairobi nikakosa bezili sokoni, nikafikiria ndugu ni ndugu, nikachuma ule mmea wa dawa nyuma ya nyumba nikakata juu ya nyanya. Shemeji yangu aliuma mara moja akaweka chini polepole. Nikaonja mimi mwenyewe, kafuri tupu, ni kama nimelamba ile dawa. Wageni wangu walikunywa chai na mkate mkavu na nilisikia vibaya wiki nzima.

Kwa hivyo angalia jani. Bezili ya kula ina jani pana, laini, linang'aa, limejikunja kidogo kama kijiko. Ukilifinya linanukia utamu, kuna kitu kama karafuu ndani. Ule mmea wa dawa jani lake ni dogo, lina vinywele, rangi iko kama kijani imechanganywa na jivu, na harufu inapanda hadi kwa pua ikikufungua kifua.

Na usiweke bezili kwa friji mama Tasha, ni mmea wa joto, baridi ndio iliifanya nyeusi. Ukate kashina chini kidogo, uweke kwa glasi ya maji kama maua, hapo kwa kaunta, itakaa siku kadhaa. Siku yenyewe uirarue kwa mkono dakika ya mwisho. Ile kavu ya chupa acha kwa supu, hapa haina kazi.

Rehema_wa_Pwani_Kisumu
Naona mnaita bezili, kwetu Mombasa ni rehani, na mimi nimeijua kwa kikuba, lile fungu la maua ya kunukia, kabla ya kuijua kwa chakula. Bibi yangu alikuwa akiifunga na asmini na waridi, jioni nyumba yote inanukia. Nilipoolewa huku Kisumu nikaipanda kwa ndoo ya rangi iliyotobolewa chini na inanawiri kuliko maelezo, joto la huku inalipenda. Ikitoa maua uyakate, ukiyaacha majani yanapungua na ladha inakuwa chungu. Na ukichuma, kata juu ya pacha ya majani, hapo patatoka matawi mawili.

Ila jikoni_Kisumu hapo kwa mbegu nakupinga kaka. Ule ute unaozunguka mbegu ndio una ladha kuliko hata nyama ya nyanya. Ukiutoa ukautupa umebaki na maganda matamu kidogo. Mimi nauchuja, mbegu natoa, ute nachanganya na mafuta ya zeituni na tone la siki, nauacha kando, na kijiko kimoja narudishia kwa nyanya dakika ile ile ya kupakua. Mkate hauwahi kulowa kwa sababu hausubiri.

jikoni_Kisumu
Rehema hapo umenishika, ni kweli. Hotelini tulikua tunatupa kwa sababu ya haraka, sahani 40 zinangojewa. Nyumbani ukiwa na muda fanya venye amesema. Ila kijiko kimoja kweli, visiwe vitatu.

otis254
Swali tu na siulizi kwa ubaya. Hii si kachumbari tu imewekwa juu ya tosti? Mbona asifanye kachumbari nzuri na pilau yuko nayo tayari?

jikoni_Kisumu
Swali zuri. Kachumbari kazi yake ni kukata mafuta ya pilau na nyama, ndio maana ina kitunguu, pilipili, dania na ndimu, lazima iwe kali na iwe na maji maji. Hapa mwenye nyumba ni mkate. Waitaliano wa Toscana wanakula hata bila nyanya, mkate wa kuchoma na saumu na mafuta mapya ya zeituni basi, wanaita fettunta. Na nyanya yenyewe ilitoka Amerika ikafika Ulaya miaka ya 1500, mkate na mafuta vilikuwepo zamani. Kwa hivyo mama Tasha, kitunguu kitoe. Kitunguu kibichi na bezili haviwezi kukaa pamoja, kimoja kitanyamaza na si kitunguu. Kachumbari iwekee pilau yake baadaye.

mamaTasha_Kiamunyi
Nimesoma kila kitu nimeandika kwa karatasi nimebandika kwa ukuta. Swali moja, mafuta ya zeituni ni bei, naweza weka ya kawaida ya kupikia?

Rehema_wa_Pwani_Kisumu
Kwa hii nunua kachupa kadogo kabisa dadangu. Hayapikwi, yanaliwa vile yalivyo, kwa hivyo yataonekana. Ukikosa kabisa weka ya alizeti kidogo sana, afadhali machache kuliko mkate uteleze.

mamaTasha_Kiamunyi
Jumapili jioni, nimerudi. Nimechoka lakini lazima niwaambie.

Nyanya nilinunua Jumatano, Rio Grande, mama mboga akaniuliza mbona nazichagua moja moja kama mayai. Jumamosi zilikua nyekundu hadi kwa kikonyo. Nilichuja saa sita na nusu, zikatoa maji karibu vikombe viwili, nikakaa nikiyaangalia nikifikiria ule mkate wangu wa wiki jana. Kakangu alisimamia makaa huko nje, mimi nasugua saumu, Tasha ndiye alirarua bezili na vidole vyake vikanukia mpaka usiku. Tulipakua vipande kumi kumi, hakuna kilichokaa kwa sinia zaidi ya dakika tatu hivi. Vya kwanza kakangu aliunguza kingo kidogo, tukakwaruza na kisu, vikaliwa.

Mamangu aliuma cha kwanza nikaskia ule mlio wa mkate kutoka nilipokua nimesimama. Hakusema kitu, alichukua cha pili akampelekea mwenyekiti wa chama yeye mwenyewe kwa mkono. Kwa mamangu hio ni hotuba. Wamama walimaliza vyote 50 na wawili wakanifuata jikoni kuuliza hayo majani ni gani, nikawaonyesha glasi kwa kaunta.

Asanteni kutoka moyoni, nyote.

Khayanga_Shinyalu
Nimefurahi hadi machozi. Mpe mama heri zetu. Mbegu za bezili ninazo nyingi sasa, za kweli, ukitaka niambie. Ila huko Nakuru usiku kuna baridi, uanzie ndani dirishani.

Rehema_wa_Pwani_Kisumu
Hongera mama Tasha. Na yale maji vikombe viwili ulifanyia nini?

mamaTasha_Kiamunyi
Khayanga nazitaka hizo mbegu, nakutumia ujumbe. Rehema, kijiko kimoja nilirudishia venye ulisema, mengine nilipikia pilau. Nilipunguza tu chumvi.