MREJESHO: Programu ya mkopo iliyowaandikia watu wa simu yangu (Lubumbashi)

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri. Nilichelewa siku nne kulipa mkopo wa programu ya simu, nao wakawaandikia jamaa, majirani na watu wa kwaya kwamba mimi ni mwizi. Aksanti sana kwa wote mlionijibu.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kutofuta kitu. Kule parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka nilikopeleka malalamiko, picha za skrini nilizokuwa nimezikata kingo hazikukubaliwa; walitaka ujumbe wenyewe ndani ya simu, namba, tarehe na saa vikionekana. Shangazi alitoka Katuba na simu yake ya kioo kilichopasuka. Ujumbe bado ulikuwamo, wa saa 11 alfajiri, pamoja na picha ya kadi yangu ya uchaguzi! Bila yeye sijui ningeonyesha nini, maana wengine walishafuta kwa hasira.

Kwenye malalamiko nilitaja Kanuni ya Dijitali, sheria ya nchi yetu ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023, kama mlivyonielekeza: inalinda data za mtu na inatambua ushahidi wa kielektroniki.

Kuifungia programu ruhusa ya kuona namba hakukusaidia, orodha walishaichukua. Fungeni mapema.

Deni nimelipa, risiti ninazo. Simu za matusi zimekoma tangu niwaandikie kwamba nimeshtaki. Faili bado liko parke, sijaitwa tena. Na mama mmoja wa kwaya mpaka leo hanisalimii. Hilo linaniuma kuliko deni.