Mrejesho: Nimeanza kusomea tiba ya usemi na lugha

Wakuu, mwaka jana niliuliza Afrika Mashariki naweza kusomea wapi tiba ya usemi na lugha, baada ya baba kupata kiharusi na kupoteza maneno. Mlinielekeza Makerere, Kampala, walioanzisha shahada hiyo mwaka 2008. Asanteni sana, niko muhula wa pili.

Kumbe hata shida za kumeza ni kazi yetu! Likizo hii baba bado hawezi kutamka "maji". Nikaanzisha wimbo wake wa kwaya. Akaudaka mstari wa pili, maneno yote, wazi kabisa. Mama akaacha kuchambua mchele. Kuimba hakutegemei upande wa kushoto wa ubongo peke yake, na kiharusi chake kilipiga kushoto. Nimemwomba mama amsubiri, asimmalizie sentensi.