UKOO WA MUHEZA 🌴

Ijumaa

Shangazi Rehema 17:48
[picha] [picha]
Assalam aleykum. Nani analijua ua hili? Nimelikuta natembea na watoto njia ya kisimani, kwenye kile kichaka cha mpakani. Linatambaa juu ya miti mingine. Jekundu, pembeni manjano, petali zimepindukia juu kama ndimi za moto. Nataka jibu leo.

Shangazi Rehema 18:02
Naona mmesoma. Semeni basi.

Omari 18:09
Waaleykum salaam shangazi. Mpelekee yule mwalimu wa Zai, ndiye aliyekuja mikono mitupu 😂😂

Zai 18:10
Omari niache.

Shangazi Rehema 18:11
Sina utani. Sele kachimba mzizi wake nikiwa nimegeuka. Anasema kiazi kikuu.

Mama Sele 18:12
Wifi! Kauonja?

Shangazi Rehema 18:12
Anasema hapana. Mchungulie mdomo.

Baba Mdogo Hamza 18:15
Kichaka kipi cha mpakani? Mimi tangu Mzee azikwe nasema mpaka upimwe. Na minazi ile naona inavunwa tu.

Shangazi Rehema 18:15
Hamza, si leo.

Baba Mdogo Hamza 18:16
Kila siku si leo.

Zai 18:17
Shangazi nipigie picha ya ncha ya jani, ua nimeshaliona.

Shangazi Rehema 18:21
[picha]

Zai 18:23
Ncha imejisokota na kushika kijiti, ndivyo linavyopanda. Ni Gloriosa superba. Jamani lina sumu mmea mzima, na mzizi ndio mbaya zaidi. Sumu yenyewe ni kolchisini. Tena kupika si dawa yake, watu wameuchemsha wakidhani kiazi na wakaugua. Saa chache tu mtu anaanza kutapika na kuharisha. Aliyekula apelekwe hospitali hapohapo, asisubiri dalili.

Omari 18:24
Basi Baba Mdogo mwachieni mpaka wake na maua yake 😂

Mama Sele 18:25
OMARI. Mdomo wake safi, anacheza. Mzizi uko wapi sasa?

Mama Sele 18:27
Sele anasema kampa Bibi jikoni!!

Shangazi Rehema 18:28
Simu ya mama inaita haipokelewi. Nani yuko karibu?

Shangazi Rehema 18:30
Watu mko wengi humu, hakuna hata mmoja?

Zai 18:31
Nakwenda mimi.

Zai 18:49
Nimeupata. Ulikuwa kwenye kapu, juu ya viazi vikuu vya futari ya kesho. Bibi hajamenya kitu, alhamdulillahi. Ila mzizi huu huwa na mikono miwili, umbo la V. Huu umevunjika, mkono mmoja haupo.

Mama Sele 18:52
Anasema kautupia mbuzi.

Baba Mdogo Hamza 18:52
Mbuzi wa nani?

Mama Sele 18:53
Wako, shemeji. Nisamehe.

Baba Mdogo Hamza 18:54
Ndiyo hayo! Watoto wenu wanaingia kwangu wanavyotaka, na mbuzi wakifa nani analipa? Kama ule mwaka wa

Baba Mdogo Hamza 18:55
_Ujumbe huu umefutwa_

Zai 19:01
Bibi kasikiliza yote, nimemsomea. Ameniambia niandike alivyosema: "Hamza. Baba yako alipoteza mbuzi kwa ua hilihili na hakumdai mtu. Chukua tochi, wewe na Rehema, mkautafute huo mzizi pamoja. Neno la mpaka nisilisikie tena nikiwa hai."

Baba Mdogo Hamza 19:16
Sawa mama.

Shangazi Rehema 19:17
Natoka sasa.

Shangazi Rehema 19:58
Tumeupata nje ya zizi, haujatafunwa. Hamza ameufukia chooni. Sasa sikilizeni: Jumapili tung'oe lote. Glovu, jembe, mtu asiguse macho.

Zai 20:03
Tufanye lingali na maua. Kiangazi majani hunyauka, mzizi unabaki chini, na masika linachipua tena.

Binamu Muscat 21:40
Ndiyo natoka kazini. Maashallah ua zuri, nitunzieni mbegu! Rafiki yangu hapa ni wa Tamil Nadu, India, kwao ndilo ua la jimbo. Wanalilima na kuuza mbegu, zinatengenezwa dawa ya jongo.

Zai 21:42
Mbegu nazo zina sumu, kaka. Kiwandani wanapima, sisi tutapima na nini?

Omari 21:43
Tusing'oe basi, tuuze 💰

Shangazi Rehema 21:45
Omari ukiwa na mtoto utanielewa. Andikeni majina ya Jumapili:
1. Rehema
2. Zai

Mama Sele 21:50
3. Mimi. Sele anabaki kwa mama yangu.

Baba Mdogo Hamza 22:12
Jumapili nina msiba Pongwe. Jumatatu labda. Upande wangu msing'oe kabla sijafika.

Shangazi Rehema 22:13
Hamza.

Shangazi Rehema 22:20
Wengine?