Kifungu nakielewa nikisoma, nikijibu naambiwa "umerudia tu". Nisaidieni

KalamuKavu
Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niko sekondari, na kinachonitesa ni maswali ya vifungu vifupi. Unapewa mistari sita au saba, leo ya hadithi, kesho ya historia au sayansi, halafu unaambiwa "fafanua". Nikijibu, mwalimu anaandika kwa wino mwekundu: "umerudia kifungu". Nikiongeza langu: "haya umeyatoa wapi?" Sasa nipite wapi?

Mfano ni mwanzo wa hotuba ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani, pale Gettysburg, anaposema miaka themanini na saba iliyopita mababu walianzisha taifa jipya. Swali: kwa nini ameanza na hesabu hiyo ya miaka? Nilijibu kwamba anawakumbusha wasikilizaji historia yao. Alama moja kati ya nne.

MamaChaki
Marahaba mwanangu. Jibu lako si la uongo, ila linafaa hotuba yoyote ile, na alama zimepotelea hapo. Piga hesabu. Hotuba ilitolewa 19 Novemba 1863. Toa 87, unapata 1776, mwaka wa Azimio la Uhuru wa Marekani. Kwa nini basi asihesabu kuanzia 1787, Katiba ilipoandikwa? Katiba ile iliuvumilia utumwa. Azimio ndilo lililotamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, na Lincoln anayarudia maneno hayo katika sentensi hiyo hiyo. Yuko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, anazindua makaburi ya askari waliouawa kwenye mapigano ya Julai mwaka ule. Kuchagua mwaka ni kuchagua upande: anawaambia wafiwa kwamba taifa lilizaliwa na ahadi ya usawa, na hawa wamekufa wakiitetea.

Mdadisi
Samahani Mama, hilo la 1787 halimo kwenye kifungu. Si ndiyo yale yale ya "umeyatoa wapi"?

MamaChaki
Swali zuri. Kifungu cha historia chenye msemaji na tarehe kinakudai ujue kilichokuwa kikiendelea wakati ule. Kwenye ufahamu wa kawaida 1787 ingekuwa mzigo. Na hata kwenye historia, ukiileta lazima uifunge kwenye neno lililomo. Hapa nimeifunga kwenye zile themanini na saba. Ukianza kusimulia maisha ya Lincoln tangu utoto, mwalimu atakuwa na haki ya kukasirika.

Fundi_wa_Maswali
Sayansi nayo ina mtego wake. Tuseme kifungu kinaeleza kwamba ukipanda mlima mgandamizo wa hewa hupungua, kwa hiyo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari huchemka kwa takriban nyuzi 70 kwenye kilele cha Everest. Swali: kwa nini yai huchelewa kuiva huko juu? Nusu ya darasa wataandika "kwa sababu ya baridi". Baridi ipo kweli, lakini hoja ya kifungu ni nyingine. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukiongeza moto, kwa hiyo yai linapikwa kwa nyuzi 70 badala ya 100. Kifungu hakikutamka kwamba joto la maji linagota pale yanapochemka. Hicho ndicho kiungo unachotakiwa kukiongeza, basi.

Kijana_wa_Nyuma
Darasani kwetu kulikuwa na jamaa, kila kifungu "mwandishi anatuasa tupendane". Hata kile cha mbu na malaria 😂

KalamuKavu
Asanteni sana. Na hadithi je? Huko hakuna hesabu wala nyuzi.

MamaChaki
Huko tazama pale maneno na matendo yanapopishana. Nakutungia: "Mjomba aliisifu zawadi kabla hajaifungua. Alipoifungua akaisifu tena, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaisukuma chini ya kiti." Mjomba ana hali gani? Usiniambie amefurahi.

KalamuKavu
Najaribu: Mjomba hakuipenda zawadi. Ameisifu kabla ya kuiona, kwa hiyo sifa zile ni za adabu tu. Alipoiona akapaza sauti kana kwamba anafunika kitu, halafu akaiweka mahali isipoonekana. Anamchukia aliyemletea.

Mdadisi
Sentensi ya mwisho ifute. Chuki iko wapi hapo? Mtu anayekuchukia hajisumbui kukusifia mara mbili.

MamaChaki
Naungana na Mdadisi. Andika "huenda anaogopa kumvunja moyo aliyemletea", kwa sababu ile sauti iliyopazwa inalibeba hilo. Kama swali limetaja mbinu za lugha, sema kuna kinaya, yaani maneno yanasema kinyume cha hali ilivyo. Kama halikutaja, usikichomeke. Utamaliza mistari ya kujibia bure.